UZI: Mti mkubwa wa uani huanza kufia chini, sio juu. Tuongee miembe na miarobaini yetu ya Mombasa

Mti_Kivuli:
Assalam aleikum wote na habari za jioni. Kila nikiingia humu nakuta mtu kaweka picha ya mwembe uliokauka upande mmoja auliza apulize dawa gani, na majibu huwa yale yale, nenda agroveti chukua hii changanya na ile. Kazi yangu ni miti, nakata na natunza miti ya uani kisiwani, Nyali, Kisauni mpaka ng'ambo Likoni, na karibu kila mti mkubwa nilioitiwa kuwa waumwa shida yake niliikuta chini kwenye udongo. Wadudu na ukungu huja baadaye, waukuta mti ushachoka. Kwa hivyo huu uzi nataka tuongee chini kwanza, juu tutapanda baadaye.

Mtu akikwambia mizizi ya mwembe yote imezama mita kumi chini usimsikize. Michache hushuka kweli, lakini ile myembamba inayonyonya maji na chakula iko juu juu, mingi yake ndani ya sentimita 30 mpaka 60 za kwanza, na haikai hapo shinani. Inatambaa mpaka pale kivuli cha matawi kinapoishia na kuvuka, mara mbili hata mara tatu ya hapo. Na kisiwani udongo wenyewe ni mfupi, wachimba kidogo wagonga jiwe la matumbawe, mizizi haina pa kwenda ila pembeni. Kama una mwembe wa babu uani na matawi yashafika kwa jirani basi jua mizizi ishampita jirani, iko chini ya gari, chini ya karo la maji machafu, chini ya ukuta.

Ndio maana nikifika mahali la kwanza naangalia pale shina linapokutana na ardhi. Shina la mti mzima latakiwa lipanuke pale chini, uone mizizi mikubwa ikitoka na kuingia ardhini. Ukiona limezama moja kwa moja bila kupanuka, hapo pamefukiwa, kuna mtu alisawazisha uwanja akamwaga kifusi au mchanga uliobaki wa ujenzi. Gome likikaa ndani ya unyevu siku zote laoza, na mizizi yakosa hewa. Mizizi inapumua jamani, hili ndilo watu wengi hawalijui. Sentimita 15 tu za udongo ulioongezwa juu zaweza kuuponza mti wa miaka 50. Dawa yake ni kuufukua taratibu kwa mkono na kijembe kidogo mpaka upaone pale panapopanuka, bila kuchuna gome.

Na kitu kinachowachanganya watu ni huku kuchelewa. Mti mkubwa una akiba kwenye shina na mizizi, ukiudhuru leo wakaa kimya miaka mitatu, minne, hata zaidi, ndio ncha za juu zaanza kukauka. Wakati huo ujenzi ushasahaulika, fundi keshaenda zake, watu waanza kusema ni jicho, ni jirani kafanya kitu. Hebu kaa chini ukumbuke, miaka minne iliyopita hapo uani kulichimbwa nini? Kulijengwa nini? Mara nyingi jibu liko hapo.

Karibuni maswali, nitajibu nikipata nafasi.

BintiKisauni:
Mashallah uzi mzuri. Kaka naomba kuuliza, kwetu kuna mwembe ngowe mkubwa sana, mamangu kila asubuhi baada ya swala yuafagia chini yake mpaka mchanga unang'aa halafu yale majani ayachoma pale pale pembeni ya shina. Ndio desturi tangu tuko wadogo. Sasa huu mwaka wa pili maembe ni madogo madogo na mengine yaanguka bado machanga. Je hii kufagia ina neno?

Mti_Kivuli:
Dada yangu ina neno kubwa, na nimefurahi umeuliza maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Lile jani likianguka lina chakula ambacho mti ulikivuta kutoka udongoni. Likioza pale chini chakula charudi na mti wakila tena. Ukilifagia kila siku mwaka mzima, miaka thelathini, udongo wa chini ya mwembe wabaki mchanga mtupu, maji yapita tu hayashikiki, na jua la kaskazi lapiga moja kwa moja juu ya ile mizizi myembamba niliyosema iko juu juu. Na ule moto wa pembeni ya shina ndio mbaya zaidi, chini ya gome kuna ngozi nyembamba ndiyo inayopitisha chakula cha mti na kuufanya unenepe, joto laiua hata kama gome kwa nje laonekana zima. Upande huo baadaye gome lapasuka lachubuka na mchwa waingia.

Nenda Bamburi pale Haller Park ukaone. Ile ilikuwa machimbo ya kiwanda cha simenti, jiwe la matumbawe limechimbwa mpaka limebaki sakafu tupu, maji ya chini yana chumvi, hakuna udongo kabisa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akaanza kupanda miti pale, akajaribu aina 26 na zilizoshika ni tatu tu, mvinje, damas na mnazi. Mvinje ukawa wamwaga majani yake, lakini yakawa hayaozi, yanalundikana tu, wakaleta jongoo wale wakubwa wenye miguu myekundu, jongoo wakala yale majani na kinyesi chao kikawa ndio udongo. Leo pale ni msitu, kuna vipepeo, kuna viboko, watu walipa kiingilio. Yaani juu ya jiwe tupu majani makavu na jongoo vimetengeneza udongo, halafu sisi tulio na udongo tayari twauchomea chakula chake kila asubuhi.

Usikosane na mama, ufagiaji ni heshima ya nyumba na mimi namuelewa. Mwambie afagie uwanja wote, ila ayasukume majani yakae chini ya mwembe, duara kubwa lifike angalau nusu ya njia kuelekea kivuli kinapoishia, unene wa sentimita 5 mpaka 10 basi, na yasiguse shina, acha kiganja kizima cha nafasi kuzunguka shina pawe pakavu. Mkiweka mawe ya matumbawe kuzunguka lile duara lapendeza, mtu aona pamepangwa.

BintiKisauni:
Atasema nyoka 😅 na nge

Mti_Kivuli:
Nyoka afuata panya na panya afuata mabaki ya chakula na marundo ya mbao na mabati yaliyoachwa nyuma ya nyumba. Majani ya sentimita kumi yaliyotandazwa hayamfichi nyoka kwa urahisi, rundo ndilo linaloficha zaidi. Na mabaki ya jikoni msiyatupe hapo. Nge ni kweli hukaa chini ya vitu vyenye unyevu, kwa hivyo kama duara li karibu na mlango liache mita moja au mbili kutoka ukutani, na watoto wasichezee hapo miguu mitupu usiku.

Haya maembe kuanguka machanga pia kuna kiasi ambacho ni kawaida, mwembe huzaa vijiembe vingi kuliko unavyoweza kuvilea na wenyewe wavidondosha. Lakini kupungua saizi mwaka baada ya mwaka, ndio, angalia udongo.

Mpangaji_Nyali:
Ami mimi swali langu ni la kabro. Mwenye nyumba ameweka kabro uwanja mzima, mwarobaini umeachiwa kiduara cha kama futi moja na nusu kuzunguka shina. Tangu hapo majani yamekuwa machache, jua latuingia mpaka sebuleni. Yeye asema mti umezeeka ukatwe. Mwarobaini wazeeka hivyo kweli?

Mti_Kivuli:
Haujazeeka, umezibwa. Kuweka kabro si kupanga matofali tu, kwanza wamechimba juu wakatoa ile sentimita 20 au 30 yenye ile mizizi myembamba inayonyonya chakula, halafu wakamwaga murram na vumbi la kokoto, halafu ikapita mashine ya kushindilia. Mizizi imekatwa, iliyobaki imebanwa, maji ya mvua yapita juu yaenda getini. Hewa haiingii.

Mwambie mwenye nyumba kwa lugha nzuri, mti ule wampunguzia yeye joto la nyumba na thamani ya pahali, kuukata na kung'oa kisiki kutamgharimu na kabro itabidi ifumuliwe vile vile. Kwa hiyo afumue sasa, lile duara lifike mita 2 kila upande wa shina kama yawezekana, ule murram utolewe kwa mkono bila sururu, parudishwe udongo mwekundu mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza, majani juu. Sehemu inayobaki na kabro kama gari haipiti zile nafasi za katikati ziachwe na mchanga, wasizibe na simenti. Mwarobaini ni mgumu, nimeuona warudi. Mwembe ungekuwa na hali mbaya zaidi.

Kisima_Tudor:
Mimi naona watu mwasahau maji. Tudor yote hii visima vyetu ni vya chumvi, maji ya mfereji yaja akijaaliwa Mungu. Mti unataka maji na sisi twayanunua kwa mkokoteni. Nimeona mwembe wa jirani ncha za majani zote zimekuwa kahawia kama zimeungua, nadhani ni kisima.

Mti_Kivuli:
Umesema kweli na nilikuwa nakuja hapo. Ncha na kingo za majani kuungua kahawia huku katikati kubaki kijani, mara nyingi Mombasa ni chumvi. Mwembe hauvumilii chumvi kabisa, na mlimau na mparachichi ndio usiseme. Mnazi, mkungu na mvinje zavumilia, ndio maana waziona zimesimama hata ufukweni. Kwa hivyo kisima kile kile chaweza kuwa halali kwa mnazi na sumu kwa mwembe ulio hatua tano kutoka hapo.

Mwembe mkubwa ulioshika vizuri hauhitaji maji kila siku. Mvua zetu zapita milimita 1000 kwa mwaka, masika kuanzia Aprili mpaka Juni, vuli Oktoba na Novemba, na mti wenye udongo mzuri na majani chini washika yale maji. Pagumu ni Januari mpaka Machi, kaskazi, jua kali na mvua hakuna. Hapo kama mti mkubwa unanyauka upe maji matamu mara moja kila wiki mbili hivi lakini uyape kwa wingi na polepole, mpira uwe unatiririka mpaka udongo uloe kina cha futi moja na zaidi, tena pale nje kivuli kinapoishia. Kumwaga ndoo shinani kila jioni ni sawa na kumpaka mtu mwenye njaa uji mgongoni. Kujua kama yamefika chukua kipande cha nondo nyembamba ukichome, kwenye udongo ulioloa chashuka, kikifika pakavu chagoma.

Kama ni lazima utumie kisima basi usirushe maji juu ya majani, mwaga mengi kwa mara moja badala ya kidogo kidogo kila siku (kidogo kidogo ndio huiacha chumvi juu), na ikija mvua kubwa usizibe, acha ioshe udongo. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yana sodiamu, yataua udongo polepole, na yenye dawa ya kung'arisha nguo ndio kabisa usiyapeleke. Maji yanayodondoka kutoka kwa eisii (kiyoyozi) je? Hayo hayana chumvi, kinga kwenye mtungi wa lita 20 uupelekee mti, watu wengi Mombasa wayaacha yalowesha ukuta bure.

Moja la mwembe peke yake: karibu na msimu wa kutoa maua usiumwagilie kwa wingi, kiu kidogo ndio huufanya utoe maua. Ukiunywesha sana na ukiutia mbolea ya chumvichumvi nyingi wapata majani mazuri ya kijani na embe huoni.

Kisima_Tudor:
Ya eisii sikuwahi kuifikiria, shukran sana ndugu.

Mzee_wa_Panga:
Nimesoma yote. Mengi sawa lakini nataka kupinga moja ingawa hujalisema bado. Sisi tangu zamani mwembe ukikataa kuzaa twakata kichwa, wapigwa panga juu wote, au wapigwa misumari, na mwaka ufuatao wazaa. Nimeona kwa macho yangu.

Mti_Kivuli:
Heshima kwako mzee, na sikatai kuwa umeuona umezaa. Mti ukitishwa mara nyingine hutoa maua mengi, ni kama wajihami uache mbegu kabla haujafa. Lakini angalia miaka mitano mbele. Kila msumari ni tundu la kuoza. Na mti uliokatwa kichwa watoa vichipukizi vingi vilivyosongana kutoka ganda la juu, havina mizizi ndani ya mbao, vikinenepa vyavunjika kwa upepo wa kusi vyashukia mabati. Tena pale palipokatwa ni pana mno hapazibiki, maji yakaa, shina laoza kutoka juu kwenda chini. Mti uliokuwa salama umekuwa wa hatari na kila mwaka wataka kukatwa tena.

Kwenye kukata matawi naomba nieleze vizuri kidogo. Mti hauponi vile ngozi yetu inavyopona, mbao iliyoharibika hubaki hivyo hivyo, mti huizungushia kuta kwa ndani na kuota mbao mpya kwa nje. Aliyelionyesha hili wazi ni Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua miti mingi sana kwa msumeno wa injini kuangalia kuoza kunavyotembea ndani. Kwa hivyo kazi yako unapokata ni kuuachia mti nafasi ya kufunga. Pale tawi linapotoka kwenye shina kuna uvimbe, kama pete. Kata nje kidogo ya ule uvimbe. Ukikata ukalamba shina umeondoa uvimbe wenyewe na jeraha lawa kubwa, ukiacha kigingi kirefu kigingi chafa, chaoza na kuoza kwaingia ndani.

Tawi zito usilikate mara moja maana litaanguka na gome lote mpaka chini. Kata kwanza kutoka chini kwenda juu, kama sentimita 30 kutoka shinani, uingie theluthi ya unene. Halafu sogea nje kidogo ukate kutoka juu mpaka lianguke. Halafu ndio umalizie kile kigingi pale kwenye uvimbe. Msumeno, si panga. Panga huchana. Na usipake rangi, oili chafu wala lami juu ya jeraha, haizuii kuoza, yaweza kufungia unyevu ndani. Acha wazi.

Na kiasi: mti mzima usitoe zaidi ya robo ya majani yake kwa mwaka, mti uliochoka hata hiyo robo ni nyingi, toa makavu na yanayosuguana tu. Mwembe kata ukishavuna. Tawi lililo karibu na waya za stima usiguse kabisa, piga simu Kenya Power, hili sio la mjadala.

Mzee_wa_Panga:
Hapo kwa vichipukizi kuvunjika ni kweli, kuna mwembe wetu kila kusi watuangushia. Nitajaribu hivyo kwenye mwengine.

MamaLikoni:
Mimi mwarobaini wangu uko nje ya ukuta. Watu waja wabandua magome kwa dawa, kila mtu apita achonga kidogo. Sasa umebanduliwa karibu mzunguko mzima. Naweza kuuokoa au ndio basi? Sitaki kuwakataza watu dawa lakini mti huu ndio kivuli chetu chote.

Mti_Kivuli:
Pole bi mkubwa. Yategemea neno "karibu". Chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia gome la ndani, likikatika mzunguko mzima mizizi yafa njaa na mti wote utafuata, hata kama majani yatabaki kijani miezi kadhaa. Kama kuna ukanda wa gome uliobaki mzima kutoka juu mpaka chini, hata wa upana wa viganja viwili, kuna matumaini. Safisha kingo zilizochanika kwa kisu kikali, usichimbe mbao, usipake kinyesi cha ng'ombe wala simenti. Upe maji kaskazi na majani chini. Usikate matawi mabichi sasa, yahitajika kuulisha.

Na zungushia wavu wa kuku kwa ulegevu, usiufunge ukabana, mti utanenepa na waya utazama ndani. Kwa wanaotaka dawa waachie majani, kata kitawi uwape mkononi.

Hiyo ya waya pia iwahusu wenye kamba za kuanika nguo. Kamba ya nailoni iliyofungwa shinani miaka kumi hunyonga mti vile vile. Ikate. Ikiwa ishamezwa na gome kata pande zote mbili na uache kipande kilicho ndani, usikivute.

Jiwe_Bamburi:
Wa kwetu majani MAPYA ni ya njano, mishipa ndio imebaki kijani. Ni mstafeli na mwembe pia. Agroveti walinipa mbolea ya nitrojeni, hakuna kitu.

Mti_Kivuli:
Majani mapya kuwa njano na mishipa kijani ni ukosefu wa madini ya chuma au manganizi. Nitrojeni ikikosekana huanza majani ya zamani, ya chini. Upande wenu wa Bamburi udongo umekaa juu ya matumbawe, ni chokaa tupu, na udongo wa chokaa huyafunga haya madini, yapo lakini mti hauwezi kuyachukua. Ukimwaga chuma cha kawaida kitafungwa pia. Uliza agroveti chuma cha keleti aina ya EDDHA, hicho chakubali kwenye udongo wa chokaa, na manganizi na zinki hupulizwa kwenye majani machanga. Lakini cha kudumu ni samadi iliyooza na majani, mwaka baada ya mwaka. Na msimwage simenti, majivu wala chokaa chini ya mti. Kupaka shina chokaa jeupe mimi sioni ubaya, lakini haliponyi kitu, na lile linalobaki kwenye ndoo ndio watu humwagia pale pale chini.

Upepo_Mtongwe:
Swali la haraka, mwembe una tundu shinani na kuna uyoga mgumu unatoka chini. Fundi wa nyumba ataka kujaza zege. Tulale chini yake?

Mti_Kivuli:
Zege usijaze. Mti wayumba na upepo, zege haiyumbi, lasugua kuta za ndani na kushika maji. Tundu peke yake si hukumu, mbuyu pale ufukweni Mama Ngina waweza kuwa na uwazi ndani na bado ukasimama miaka mingi. Lakini uyoga mgumu unaotoka chini kabisa ya shina ndio unanitia hofu, maana yake mizizi au kitako chaoza. Gonga kwa nyundo ya mbao kuzunguka, usikilize wapi palia tupu. Angalia kama ardhi upande mmoja imepasuka au imeinuka, na kama mti umeanza kuinama karibuni (ulioinama tangu udogo ni kitu kingine). Na kama kuna mtaro au tanki la choo lilichimbwa karibu jua mizizi ya upande ule haipo. Shina la upana wa sentimita 60 ukichimba ndani ya mita 2 umeshika maisha yake, mimi nataka mita 4 na zaidi.

Ukiona mawili katika hayo, hameni chumba cha upande ule sasa, kusi ikianza kuvuma haingoji mtu. Muite mtu wa miti aje aone. Kuna miti ya kuokoa na kuna ya kushusha, na huo kwa maelezo yako nina wasiwasi nao.

Upepo_Mtongwe:
Ardhi imepasuka upande wa barabara. Nahamisha watoto leo. Shukran.

BintiKisauni:
Allah awahifadhi. Kaka nimerudi, nimeongea na mama amekubali tujaribu. Swali la mwisho, maembe yaliyooza na funza tuyaache pia yawe mbolea? Na kuna maji moto (wale chungu wakali wa mitini) wengi sana juu, watoto walia, tuwaue?

Mti_Kivuli:
Majani acheni, matunda okoteni. Yale funza ni ya nzi wa matunda, yuko wa Asia aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003 huku huku pwani. Jike atia mayai chini ya ganda, embe laanguka, funza watoka waingia udongoni kugeuka nzi. Okoteni kila siku msimu wa maembe, tieni kwenye mfuko mweusi uliofungwa vizuri uachwe juani siku kadhaa, au zikeni nusu mita kwenda chini. Mkiokota ninyi na jirani akakosa haisaidii sana, ongeeni na jirani.

Maji moto msiwaue, hao hula wadudu wengi na huwafukuza nzi hao. Ila mkiona majani yana masizi meusi ya kunata na vidudu vyeupe vya unga, hapo maji moto wawalinda hao vidudu kwa ule utamu wao. Kateni vile vitawi vilivyojaa, osheni vingine kwa maji ya sabuni, basi. Siku ya kuvuna pandeni mapema asubuhi, wakiwa bado wako viotani.

BintiKisauni:
Na kama majani ya mwembe hayatoshi kujaza duara?

Kisima_Tudor:
Makumbi dada. Wauza madafu Kongowea wayatupa, nenda na gunia wakupe.

Mti_Kivuli:
Naam makumbi ni mazuri sana, yashika maji. Lakini yakateni vipande au yalazeni mgongo juu, yakikaa kama bakuli yajaa maji ya mvua na mbu wa dengi huzalia humo. Yapangeni kuanzia nje ya duara kuja ndani, na pale shinani muache wazi vile nilivyosema.